Dawa Uliyomtumia Mama

Nyumbani, chumbani kwa mama,
Jumapili asubuhi, mwezi wa tatu.

Mpendwa kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Huku tupo. Mgongo unaniuma kwa kumwinua mama, ila ni maumivu ya kawaida, usiyaweke kwenye utafiti wako.

Mama ana nafuu kuliko mwezi uliopita, maana yake sasa analala. Saratani imeshaingia kwenye mifupa na hilo halirudi nyuma.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi. Siku ile ulimweleza mama kazi yako. Ulimwambia mwilini mna vipokezi, vitu vidogo mno vinavyoishika dawa ya maumivu, na kwamba mofini ikishikwa navyo inatuliza, lakini pia inafunga choo, inapunguza pumzi na mwili unaizoea. Ukasema ninyi huko maabara mnatafuta dawa itakayotuliza maumivu tu na mengine iyaache. Mama alikusikiliza mpaka simu ikapata moto sikioni.

Nawe nyumba hii unaijua. Tangu uvae koti jeupe, hakuna anayemeza hata kidonge cha kichwa kabla wewe, Profesa wetu, hujaruhusu. Muuguzi alipoleta chupa ya mofini, mama akafunga mdomo.

"Hiyo si ndiyo ile mbaya? Mwanangu anatengeneza nzuri. Nitaisubiri."

Akaisubiri kweli, huku akiuma shuka na kulia. Fundi cherehani wa jirani aliacha kushona akaja kuuliza nani anapigwa. Nilipokupata kwenye simu, ukanipa somo jingine la vipokezi, kisha ukasema bila shaka apewe mofini, ikipimwa vizuri haina neno. Nikakuomba umwambie mwenyewe. Ukasema una kikao, utapiga kesho. Hukupiga. Nilikuchukia, kaka, sikufichi.

Basi nikabandua karatasi yenye jina la dawa kwenye ile chupa ya mofini, muuguzi akageukia dirishani, nikamwambia mama ile dawa yako nzuri imefika, umemtumia. Alikunywa kipimo chake chote akajilamba midomo. Usiku ule alilala, na asubuhi akaomba chai.

Sasa kila anayeingia anaoneshwa chupa, eti mwanangu kaitengeneza kwa mikono yake. Hata muuguzi anaelezwa, maskini, naye anaitikia.

Mama atakupigia kukushukuru. Najua hupendi uongo, hasa wa mambo ya kitaalamu, lakini huu ubebe. Ukimwambia ukweli atafunga mdomo tena, na mimi sina ujanja mwingine. Mwambie ilikuwa kazi ngumu ila umeifanya kwa ajili yake. Mimi ninayemgeuza na kumsafisha, jana kaniambia nijifunze kwako namna ya kumjali mzazi.

Wasalimie wifi na watoto. Shangazi anakusalimu sana, pia fundi cherehani, ambaye anataka umtengenezee na yeye ya goti. Mungu akulinde huko uliko na aibariki kazi ya mikono yako. Huko bado mnatafuta. Hapa nyumbani umeshapata, na sifa zote ni zako.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa kujilazimisha,

Kitindamimba