Baba Brenda, Blanketi na Nyota ya Mamajusi

Mtaa wa Makambini,
Tunduma.
14 Julai 2025

Mpendwa kaka Eliakim,

Nakusalimu wewe, wifi Stumai na watoto. Mtwara mnaendeleaje? Vidonda vyako vya tumbo vimetulia, au bado unakula pilipili kwa kificho? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu ina upepo unaoingia mpaka ndani ya debe la unga. Mahindi ya shamba la Ihanda tumeshayavuna, Mungu ashukuriwe.

Najua umetukasirikia. Mwezi uliopita ulisikia harusi ya binti yetu Brenda imesogezwa, kisha imevunjika, kisha mwezi huu ukatumiwa picha za watu wakila pilau. Ningekupigia, lakini simu yangu iko masikioni mwa shemeji yako tangu chai ya asubuhi. Kwa hiyo nimekaa niandike, barua nimpe dereva anayeshuka pwani, upate habari kutoka kwa mtu aliyekuwepo.

Unakumbuka mwezi wa pili jeki ilimteleza shemeji yako Barnaba akiwa chini ya lori, goti likavunjika. Alipasuliwa, akarudi na magongo, akaambiwa akae nyumbani. Kaka, fundi aliyezoea kushinda chini ya malori ukimwambia akae, anakuwa kama jogoo ndani ya tenga. Alihesabu mabati. Akaanza kunifundisha kusonga ugali, mimi ninayempikia mwaka wa ishirini na saba huu.

Aliyeniokoa ni jirani yetu Masudi, yule Mtanga anayeuza spea. Aliniwekea kwenye simu podikasti, yaani vipindi vya kusikiliza, watu wakisimulia mambo ya kale, ya anga na ya dini. Tangu siku hiyo habari za ugali zikaisha. Nikawa naambiwa kwamba siku moja ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake, na kwamba zamani waliwahi kuwepo mapapa watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwatenga wenzake. Hiyo ya mapapa Barnaba aliipenda sana. Alisema imemkumbusha uchaguzi wa viongozi wa kwaya yetu.

Kisha Masudi akampeleka kule Mbozi kukiona kimondo. Barnaba akarudi jioni. Akaniambia, "Yunisi, kile chuma hakikuchimbwa na mtu. Kimetoka juu." Nikamwambia mbona hilo tulifundishwa darasa la nne. Akasema kufundishwa ni kimoja na kugusa ni kingine.

Baada ya hapo wakaamua kutengeneza podikasti yao wenyewe. Shida ni kwamba Tunduma hakuna ukimya. Lori likiacha kupiga honi, bodaboda inapokea. Masudi alikuwa amesikia mahali kwamba nguo nzito huzuia kelele. Basi wazee wawili, mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini, wakawa wanakaa sebuleni kwangu mchana kweupe, wamejifunika blanketi moja, simu iko katikati yao.

Ndipo alipokuja Gwalugano, mwenzangu wa kwaya, kurudisha sufuria yetu. Alipiga hodi, hakuitikiwa, akasukuma mlango. Akakuta blanketi linatikisika, na ndani yake sauti ya Barnaba, nzito, ya kujikaza: "Mshtarii na Zohali zimekutana. Hii ni ishara. Mfalme atazaliwa."

Walikuwa wanasimulia mamajusi, sayari hizo mbili na nyota ya Bethlehemu, lakini Gwalugano angejuaje? Alitupa sufuria akakimbia. Kufikia magharibi mtaa mzima ulijua kwamba mzee Barnaba anapiga ramli ya nyota. Kesho yake sokoni yule mfalme akawa amepata na mama: Brenda ni mjamzito, na baba yake ameshaona huko juu kwamba ni mtoto wa kiume. Siku ya tatu habari ikafika Igamba kwa wakwe zetu.

Baba wa bwana harusi Lusajo, mzee Abrahamu, ni mkulima wa kahawa asiyependa maneno mengi. Alimtuma mshenga: harusi isubiri kwanza, mpaka kanisa liseme kama nyumba ile ni ya muumini au ya mganga. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Brenda hakulia mbele yetu. Alikunja shela, akaiweka juu ya kabati, akamwambia baba yake kwa upole kabisa, "Baba, kama ulitaka umaarufu, ungesubiri niolewe kwanza." Kisha akaacha kumsemesha. Alimletea chakula, akaweka, akaondoka. Nilimwona Barnaba akiikodolea macho chai ya maziwa mpaka ikatanda utando. Kwa siku nne hakusikiliza kipindi hata kimoja.

Baraza la wazee wa kanisa likatuita siku ya Jumamosi. Mzee Abrahamu alikuja mwenyewe kusikia. Mwenyekiti, Mzee Zabron, akasoma mashtaka: kupiga ramli, kutabiri, na blanketi. Barnaba akauliza blanketi limekatazwa katika sura ya ngapi. Nikamkanyaga ule mguu mzima.

Mara mlango ukagongwa. Alikuwa Masudi, kanzu imenyooshwa, kofia kichwani. Akasema, "Samahani wazee wangu, mimi si muumini wa hapa. Lakini na mimi nilikuwemo ndani ya blanketi."

Mzee Zabron alipekua katiba ya kanisa kuona kama Mwislamu anaweza kutoa ushahidi. Hakukuta kipengele cha kumkataza, akampa kiti. Masudi akaomba simu yangu, akaiweka mezani, akawasha.

Tulisikiliza kipindi chote. Barnaba alieleza kwamba wapo wataalamu wanaodhani nyota ya mamajusi ilikuwa sayari mbili zilizoonekana zimekaribiana, na wapo wanaokataa, na Mathayo mwenyewe hakufafanua. Kisha ikasikika hodi mara mbili, naye anaendelea tu kuwaigiza mamajusi wakizungumza, Mshtarii na Zohali, mfalme atazaliwa. Papo hapo sufuria ikalia sakafuni kama kengele. Na sauti ya Gwalugano, wazi kabisa: "Yesu wangu, na nilitaka kuwaomba chumvi."

Gwalugano alikuwa ameketi nyuma kama shahidi. Alijifunika kitenge usoni, mabega yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Kumbe anacheka, na unamjua, akicheka yeye hakuna anayebaki. Hata mzee Abrahamu alitoa leso akajifanya anapenga kamasi.

Mzee Zabron peke yake hakucheka. Alisubiri tunyamaze, akamgeukia Barnaba. "Hilo limekwisha. Sasa nijibu kama mzee mwenzangu. Kwa umri huu, nyota unazitakia nini?"

Nilitegemea mzaha, kaka. Barnaba alilishika gongo lake kwa mikono miwili. "Mwenyekiti, lori lile liliponilalia niliacha kusali. Mezani nilikuwa nainamisha kichwa pamoja na mke wangu, lakini moyoni hakukuwa na neno. Niliona Mungu ameniacha kule chini. Kisha nikaanza kusikiliza haya mambo, jinsi vitu vilivyo mbali, na jinsi watu wa kale walivyouliza maswali yaleyale ninayouliza mimi. Nikaenda nikakigusa kile kimondo, nikaogopa. Katika kuogopa nikajikuta nimesema, Baba yetu uliye mbinguni. Sijui kama hiyo ni ramli."

Nilikuwa nimeketi ubavuni mwake. Miezi yote ile tuliinamisha vichwa juu ya sahani, na mimi sikujua kwamba nasali peke yangu. Nikamshika mkono mbele ya baraza, jambo ambalo kwetu halifanywi, na hakuna aliyenikemea.

Aliyesimama kwanza ni mzee Abrahamu. "Mimi sina swali," alisema. "Nauliza tu kama hiyo sauti inaweza kuingia kwenye simu yangu, mama Lusajo naye asikie. Na harusi iwe siku ileile tuliyopanga."

Tuliporudi, Brenda alikuwa uani anafua. Barnaba hakuanza na matokeo. Alisema, "Nisamehe, mwanangu. Nilipaswa kufunga mlango." Brenda akasuuza mikono, akamletea baba yake kiti, yeye akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akauliza kama ni kweli Zohali ina pete. Nguo za beseni nilizisuuza mimi.

Basi tarehe tano mwezi huu harusi ikawa. Barnaba aliacha gongo moja nyumbani ili apate mkono wa kumshika Brenda, wakatembea polepole hata kwaya ikaishiwa beti na kuanza wimbo upya. Masudi na mke wake walikaa benchi la mbele. Ulipofika wakati wa kumkabidhi binti, Barnaba akasahau kumwachia mkono. Mchungaji akasubiri. Lusajo akasubiri. Mwisho Brenda mwenyewe akambandua vidole, kimoja kimoja, huku akimnong'oneza kitu. Mzee akacheka, akaachia. Mpaka leo namuuliza aliambiwa nini. Anasema hicho si cha podikasti.

Msalimie sana wifi Stumai, umpe pole kwa kukosa pilau. Mjomba Danieli wa Igamba anakusalimu, na Brenda na Lusajo wanasema zawadi yao wataifuata wenyewe huko huko. Mungu aliyewaweka mbali nasi awatunze, aliponye tumbo lako, na akuletee safari ya kuja huku kabla ya mvua.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Yunisi