Vigae Mia na Sitini vya Damari

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Baridi kali. Wino uligoma mpaka nikasogeza kichupa karibu na jiko. Bwana Alawi, mwenye kiwanda chetu cha vigae, alikaa nami hadi adhuhuri ndipo akarudi Iringa. Kuna shule inajengwa huko, anataka kuiuzia vigae vya kuezekea, na hawezi kutaja bei kabla ya kujua kila kigae kimekula mshahara kiasi gani. Akanifundisha. Wanaogusa udongo ukurasa wao. Wasiogusa — nyapara, mchoma tanuri, mlinzi, mimi karani — ukurasa wao. Jumlisha, kisha gawa kwa vigae vya mwezi.

Nimegawa. Wanawake kumi na wawili wa kalibu, wanaoshindilia udongo kwenye umbo la kigae, ni karibu senti moja kwa kila kigae. Mimi peke yangu ni robo senti! Jioni nilisimama barabarani nikitazama paa la duka, lile tuliloliezeka mwaka jana. Mishahara ya watu imelala juu pale, safu kwa safu, na mvua inaipitia. Miaka mitatu naandika majina na sikujua yanakwenda wapi.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimekutana na ajabu humo humo daftarini.

Kila mtu hapa ana kipande chake, kadi ya siku thelathini. Ukifinyanga vigae mia, nyapara anakutilia alama ya siku. Vikipungua mia hakuna alama. Alama thelathini, shilingi thelathini. Wanawake wetu ni Wakisi, wafinyanzi wa vyungu wa kule ziwani, udongo wameujua toka utoto, lakini mia ni mia: wengi wanamaliza jua likizama.

Sasa huyu Damari. Toka tarehe 23 Julai, vigae 160 kila siku. Hajakosa, hajaugua. Kabla ya hapo alikuwa mia kama wenzake. Nimehesabu mara tatu. Nikaandika pembeni: "Amezoea kazi." Nimekaa natazama jina lake kwa heshima kabisa.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimempelekea Bwana barua kwa basi. Nimeeleza habari ya Damari kwa mwandiko wangu mzuri, na nikaongeza kwamba wote wakifika 160, ile senti moja ya kigae, yaani senti mia kwa vigae mia, itashuka hadi senti sitini na mbili. Nina furaha ya kijinga.

Hapana. Furaha imenikosesha hesabu. Ni senti sitini na mbili na nusu. Barua imeshaondoka.

Jumanne, 14 Agosti

Jibu limefika. Bwana ameshawapa watu wa shule bei, kwa hesabu ya 160. Kuanzia Jumatatu tarehe 20 kipimo cha kila mtu ni 160. Asiyefikisha hana alama. Ijumaa atakuja mwenyewe amwone huyo mama. Mimi nikae na saa kesho, nijifunze namna yake, wengine wafundishwe.

Nyapara Gideoni aliwasomea wanawake. Mmoja alitazama mikono yake. Sikula mchana.

Jumatano, 15 Agosti

Nilikaa na saa kwenye banda la kufinyangia toka saa moja asubuhi. Nikaonyeshwa Damari: mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, udongo mpaka nyusi. Anajaza kalibu kwa mkono wa kushoto. Vigae themanini na viwili kufika adhuhuri! Akainuka kwenda kunawa. Akarudi, akaketi — na sasa anajaza kwa mkono wa kulia.

Nikainama. Uso wa mama mtu mzima, meno mawili ya mbele hayapo: si yule wa asubuhi.

Nilimvuta Gideoni kando. Wala hakushtuka. Akasema, "Mi kazi yangu kuita jina, karani. Naita Damari, mtu anaitika. Vigae inatimia. Unataka nini tena?" Nikamkazia macho. Akaeleza. Damari yuko kwao Uyole, amejifungua tarehe 22 Julai. Kwa Wakisi hawa, mzazi akilala ndani, ndugu wanashika nafasi yake isipotee. Asubuhi ni wifi yake, Tupokigwe. Mchana ni mama yake, Yudith. Kila mmoja anakuja na nguvu mpya, na kwa hofu ya kufukuzwa wanazidisha. Na pesa? Yote ya Damari. Wao hawachukui hata senti.

Nilirudi mezani nikafungua daftari. Mwezi karibu mzima wanawake wawili wamefinyanga bure mbele ya macho yangu, na mimi nimeandika "Amezoea kazi". Machozi yalinitoka, ya aibu na ya kitu kingine kikubwa zaidi.

Nikisema, Damari ananyang'anywa kipande, na Bwana anakwama na bei ya hasara. Nikinyamaza, Jumatatu wanawake kumi na mmoja wanarudi nyumbani bila alama. Kosa ni langu.

Ijumaa, 17 Agosti

Bwana amefika baada ya sala. Ameleta doti ya kanga, zawadi ya Damari. Naandika katika shajara hii, hapa hapa bandani, kwa sababu daftari la hesabu analo yeye.

Nimeandika karatasi ya kweli: vigae 160, watu wawili, mshahara mmoja. Iko mfukoni. Sijaitoa.

Gideoni ameita jina. Amekuja Damari mwenyewe! Ametembea toka Uyole, mtoto mgongoni, miguu imevimba. Bwana amemwamkia vizuri, amempa kanga, ametoa saa yake. Haya mama, tuonyeshe.

Kigae cha nne. Cha tano. Jasho linamtoka na baridi yote hii. Mtoto analia.

Yudith, mama yake Damari, ameinuka. Amemfungua mtoto mgongoni, amempa Tupokigwe, ameketi kando ya binti yake na kuingiza mkono kwenye udongo ule ule. Wanawake wengine wameacha kazi.

Bwana ameshusha saa. Anafunua kurasa, anaurudia ule wa wagusa udongo. Ananigeukia, kwa upole kabisa: karani, huyu mama wa pili umemwandika wapi?