Salamu za Ng'ambo ya Sabaki

Jumamosi, 3 Mei

Chai, mkate wa mofa, redio. Antena yangu ni waya uliopita juu ya paa la jirani. Bado hajaniuliza ni wa nini.

Mwalimu Katana akaja kupitia mikwaruzo, sauti nyembamba, ya mtu aliye ndani ya mtungi. Mwalimu mstaafu, ana shamba ng'ambo ya Mto Sabaki, na leseni ya redio ya ridhaa, ya kuzungumza na wenzako hewani, kama yangu. Miaka mitatu twazungumza kila asubuhi na sijamwona uso. Nimempa ndevu nyeupe. Huenda hana.

Salamu zetu hazifupiki. Shikamoo, marahaba, za huko, za nyumbani, goti lake linalomuuma, mbuzi, mvua. Kisha nachelewa kazini, maana mimi ndiye msomaji wa habari katika kituo kidogo cha redio hapa Malindi. Wenzangu wana waume, mimi nina mikwaruzo. Sijuti.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Mwalimu asema mto una rangi ya chai ya maziwa na unanguruma. Siku ya tatu sola yake haijaona jua, betri imechoka. Nikampa pole. Ningemwambia anyamaze, aihifadhi. Lakini nani amwambie mzee anyamaze?

Jumatatu, 5 Mei

Simu hazishiki ng'ambo yote. Nimesoma tahadhari mchana kutwa: ondokeni mabondeni. Sauti yangu mwenyewe imeanza kunijia kwa mbali, kana kwamba asemaye ni mtu mwingine.

Jumanne, 6 Mei

Nina hasira. Juu yangu.

Aliniita saa moja asubuhi, mto umeshaingia kijijini. Nikasema shikamoo. Marahaba mwanangu, za huko? Njema, za nyumbani? Twamshukuru Mungu. Hatukulelewa kuruka salamu, si yeye, si mimi. Nikauliza goti. Goti! Na watu wamezingirwa na maji.

"Tumepanda juu watu kumi na mmoja," akasema, "tuko—"

Mikwaruzo. Betri imekufa. Kusema hula umeme mwingi kuliko kusikiliza, nalijua hilo tangu siku ya kwanza ya leseni. Adabu yangu imemaliza betri yake.

Kuna miinuko miwili kule, wa shule na wa kanisa, katikati maji. Boti ya waokoaji ni moja.

Jumatano, 7 Mei

Mkuu wa kituo alipata ujumbe unaozunguka kwenye simu: wako kanisani. Nani kawaona? Hakuna. Akataka niusome saa sita. Waokoaji watusikiliza sisi, tutakakosema ndiko watakakokwenda.

"Rukia, watu watakufa," akaniambia.

"Ndiyo maana sisomi."

Nikasoma kwamba hatujui waliko. Sijapata kusoma sentensi nzito kama ile. Kisha nikakumbuka Mwalimu ana kiredio cha mawe mawili ya betri, hakiachi mfukoni, hutusikiliza nacho akipalilia. Nikaiacha karatasi ya habari. Nikasema, "Mwalimu Katana, jua likitoka hata kidogo, unganisha sola, niite. Sema mlipo tu. Usinisalimie."

Wasikilizaji wakapiga simu. Binti gani huyu, amkataza mzee salamu mbele ya pwani nzima. Wana haki. Nami niliona haya, uso ukawaka.

Nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya redio yangu. Mvua ikapungua. Saa tisa alasiri mwanga mdogo wa jua ukaanguka kwenye sakafu, mwembamba kama kanga iliyofuliwa sana. Niliutazama tu. Sikuomba dua, niliogopa kuuvuruga.

"Shule. Sote wazima."

Basi. Sauti kavu, haina "mwanangu", haina chochote. Nililia huku nawapigia waokoaji.

Alhamisi, 8 Mei

Boti imewaleta wote kumi na mmoja. Iliwakuta juu ya paa la darasa, maji yashafika madirishani. Kwenye mwinuko wa kanisa hapakuwa na mtu.

Baada ya kazi nilikwenda kwenye kambi walikopelekwa. Wakanionyesha Mwalimu. Amelala kwenye mkeka, redio yake imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ameikumbatia. Nilitaka kumwomba radhi. Sikumwamsha.

Hana ndevu.

Jumatatu, 26 Mei

Jua. Chai. Waya wangu umekaukiwa na umande juu ya paa la jirani.

Mwalimu amerudi kwake. Nilimsikia kabla sijakaa, kwa mbali, ndani ya mtungi wake.

"Rukia mwanangu, uliniuliza goti."

Nikasema ndiyo, Mwalimu, niliuliza.

"Goti halijambo. Sasa niulize za nyumbani."

Nikamuuliza. Akaanza kunijibu, moja baada ya moja, na mimi sikutazama saa.