Vitumbua vya Nauli Yako

Majengo, Nyeri
Alhamisi, 13 Julai 1972

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima. Safari hii nauliza afya yako kuliko siku zote, na huko chini utaona kwa nini. Miguu inaendeleaje? Bibi Saumu bado anakohoa? Sisi hatujambo, ila baridi. Mlima hatujauona tangu mwezi uanze, na baba havui koti hata akiwa mbele ya majiko ya hoteli.

Chuma cha vitumbua ulichonifungia nilipomaliza shule nikaja huku kumpikia baba, kimefanya kazi. Mwanzoni unga wa mchele ulikataa kuumuka kwa baridi, nikawa naifunga sufuria ndani ya shali lako na kuiweka kando ya jiko. Nazi hakuna, natia maziwa. Jirani yetu Wachuka alionja kimoja akauliza ni mandazi gani haya yaliyovimba kama mashavu ya mtoto, kisha akala vinne. Ndiye aliyesema niviuze barazani kwake asubuhi, watu wakienda kazini.

Nilimwuliza baba, akakataa. Alisema kibali chake ni cha kupika katika hoteli ya mzee Rashid tu, na sisi tulio chini yake haturuhusiwi biashara yoyote. Mgeni akikutwa anauza bila leseni, kibali kinafutwa na anarudishwa kwao. Unajua mimi kusema si kazi yangu. Lakini wewe uliandika kwamba utakuja mwezi wa nane nauli ikipatikana, na nilijua baba hana. Yeye hutoka alfajiri kuwasha majiko. Akishatoka, mimi nilikuwa naanza kukaanga.

Niliuza nimeinamisha kichwa, Wachuka akiita wateja. Vilikwisha kila siku kabla ya kengele ya shule.

Jumatatu Wachuka alikuwa ameingia ndani, akatokea askari wa baraza la mji, bwana Gicheru, akataka kuona leseni. Mama, akilini nilimwona baba akipandishwa basi na sanduku lake. Nikasema siuzi, hii ni sadaka. Akauliza sadaka gani. Nikasema ya arobaini, kama tunavyowapikia marehemu wetu. Basi ikabidi nigawe. Nilimpa yeye, nikawapa wote waliosimama pale, mpaka sinia likawa tupu. Aliniuliza jambo jingine moja, nikamjibu. Alivua kofia, akanipa pole, akaenda zake.

Nilidhani yamekwisha. Jioni mlango haukufungika. Wanawake walileta viazi, kuni na maziwa. Wengine sijapata hata kusalimiana nao. Wachuka alilia akanikumbatia, akisema kumbe ndiyo sababu nilikuwa nainamisha kichwa, ati niko na huzuni kubwa namna hii na yeye anapiga kelele za biashara kando yangu. Nilishindwa kusema kweli. Kila aliyeingia alinifanya nishindwe zaidi.

Jana maalim Sulemani alimshika baba mkono msikitini, akamwambia hitima itasomwa Ijumaa. Baba alirudi, akaketi, akaniuliza polepole mama yangu amefariki lini, maana yeye mumewe hajapata habari.

Ndiyo, mama. Bwana Gicheru aliuliza ni arobaini ya nani, na mtu pekee aliyekuwa moyoni mwangu asubuhi ile ni wewe. Tangu hapo silali. Naogopa neno lisije likakufuata huko Tanga. Nisamehe, na mwambie Bibi akuombee dua.

Baba hakunipiga. Alisema atakwenda kwa bwana Gicheru aseme biashara ni yake. Nikamkatalia. Sijawahi kumkatalia baba jambo lolote, na hata yeye alishangaa. Kesho asubuhi, kabla ya hitima, tutakwenda pamoja na nitasema kwa mdomo wangu. Wachuka nimekwisha kumwambia. Alikasirika sana, akauliza ati machozi yake yote yamemwendea mtu anayekula wali Tanga saa hii! Kisha akajifunga kitambaa kichwani akasema hata yeye atakuja, baraza ni lake.

Sijui watatufanyaje. Wakitufukuza, pengine tutafika kabla ya barua hii, nawe utaisoma nikiwa mlangoni. Wakituacha, uje, mama, hata nikikusanya nauli kwa kufua nguo za nyumbani kwa mzee Rashid. Ila ushuke mchana, watu wakiwa sokoni, upite katikati yao ukiwasalimu mmoja mmoja.

Baba anakusalimu sana. Anasema anafurahi kwamba u hai. Msalimie Bibi Saumu na wote wanaoniuliza.

Ni mimi mwanao, niliyekuzika nikikutafutia nauli,

Subira