Hema la Watu Wawili

Baba Kidoti,

Nimewahi kazini. Chai iko kwenye chupa, mayai nimeshachemsha, msiyaponde kwenye begi. Sweta la Kidoti liweke juu, siyo chini kabisa kama kawaida yako. Kwenye basi mpakate, asilipiwe kiti.

Leo asubuhi nimeijua nafasi yangu humu ndani. Nimewakuta sebuleni mmelala ndani ya hema, eti mnafanya mazoezi ya kambi. Nikainama na mimi niingie. Binti yangu wa kumzaa akaninyooshea mkono kama askari wa getini: "Mama, humu ni mimi na baba tu. Wewe hujui mambo ya porini." Na wewe ukacheka! Usikatae, nilikusikia.

Haya. Uchungu wa kuzaa niuone mimi, porini aende na wewe.

Na hilo hema mnalojidai nalo, nani kalishona? Nani kaunga vipande vya turubai mpaka vidole vikatoboka?

~~Mvua iwanyeshee vizuri.~~ Bebeni karatasi la nailoni, mvua haipigi hodi.

Kabla hamjalikunja, hebu lalieni upande mmoja mwone nafasi inayobaki. Nililikata la watu watatu.

Leo tunafunga mchana, na basi lenu linapita mbele ya karakana yetu. Mkiniona kituoni na begi, siwasubiri nyie. Napunga upepo tu.

Mama Kidoti, asiyejua mambo ya porini