Ukurasa wa Nne Haukuwemo

Kwa Mama mpendwa,

Chamgei. Natumaini barua hii itawakuta wazima nyote hapo Kimulot, na kwamba goti la Baba limepoa na mvua haijaharibu tena barabara ya kituo cha chai. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haiko sawa, na sitazunguka. Nakuandikia wewe peke yako kabla Baba hajaita watu kanisani kwa ile ibada ya shukrani. Soma ukiwa umekaa.

Unakumbuka niliwaandikia kwamba kazi yangu imekubaliwa na kongamano la wataalamu wa usalama wa kompyuta, na baadaye nikawatumia cheti. Dada Chelangat alinijibu kwamba Baba aliwasomea wazee wa kanisa hicho cheti, halafu akakipigilia ukutani karibu na picha ya harusi yenu. Niliisoma barua yake kwenye ngazi za maktaba nikatamani ardhi inimeze.

Uliwahi kuniuliza haya makongamano ni mikutano ya namna gani. Mtu akigundua kitu anaandika makala na kuituma. Mimi natafuta njia ya kujua kama ujumbe uliotoka kompyuta moja kwenda nyingine umefunguliwa njiani ukabadilishwa. Wajuzi wanasoma makala, wanaikubali au wanairudisha. Ikikubaliwa, unakwenda kuieleza mbele ya watu, na inachapishwa kitabuni. Bila makala mbili za namna hiyo idara yetu haimpi mtu shahada ya udaktari. Mimi ninayo moja tu, hiyo ya cheti, na msaada wangu wa masomo unaisha mwezi wa sita.

Sasa sikia. Nilitoa nakala moja kwenye mashine ya idara, nikafunga bahasha, nikaposti. Jibu lilikuja upesi mno. Lilisema uthibitisho wangu, yaani hoja ya kwamba njia yangu haikosei, ni imara na umeelezwa vizuri. Nikawaandikia siku hiyo hiyo kwa furaha. Wiki iliyofuata, nikipanga meza, nikakuta nakala ya ukurasa wa nne chini ya kamusi. Uthibitisho wote uko kwenye ukurasa wa nne, Mama. Haukuwemo kwenye bahasha. Walisifu kitu ambacho hawakukiona, na kitabu chao kilipotoka kiliruka kutoka ukurasa wa tatu hadi wa tano.

Ningepaswa kusema siku ile nilipouona ukurasa huo. Sikusema, nilikwenda kongamanoni. Ukumbi ulikuwa na viti vingi na watu kumi na moja, na kila aliyemaliza kusoma yake alichukua koti akaenda zake. Aliyenitangulia alizungumza juu ya magonjwa ya mifugo. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Nilipokea cheti, nikatabasamu wakinipiga picha, na picha hiyo mnayo.

Mwezi uliopita profesa wangu aliniita. Ni mzee mpole, anajua nina makala moja lakini hajawahi kukifungua hicho kitabu. Akasema makongamano siku hizi yanaota kama uyoga na idara haijui tena yapi ya kuamini. "Kiprotich, wewe ni mwangalifu," akaniambia. "Nitengenezee orodha. Yapi ni daraja la kwanza, yapi la pili, na yapi tusiyahesabu kabisa." Anaitaka Ijumaa.

Nilikaa kuandika jinsi ya kuyapima, na kila nilichoandika nilisikia sauti ya Baba. Unakumbuka siku ile alipokuwa bado karani wa kupima majani kituoni. Ulikuwa umechuma chai haraka kwa sababu ya wingu, na mimi nilikuwa nyuma yako kwenye foleni na kikapu changu. Baba akaingiza mkono kwenye kikapu chako hadi chini.

"Hii siwezi pima," akasema.

"Ni mimi, Baba Chelangat," ukamwambia polepole.

"Najua ni wewe. Angalia hii jani, imekomaa. Hii pia. Chambua, urudi kama lori bado iko."

Lori liliondoka hujamaliza. Siku tatu ulimwekea chakula bila kumwangalia usoni. Mimi nilimchukia mwezi mzima. Lakini hakuna mtu Kimulot aliyewahi kusema kwamba majani ya kituo chetu yalipita kwa undugu.

Basi kipimo nilichonacho ni hicho. Kongamano lisilorudisha kikapu cha mtu ni bure, na linalorudisha bila kukuonyesha jani lenye kasoro nalo silitegemei sana.

Nilijaribu kujiokoa. Nilituma makala nzima, ukurasa wa nne ukiwemo, kwa kongamano ambalo kila mtu huku analiheshimu. Wiki jana imerudishwa. Barua yao ni ndefu. Mtu nisiyemjua amekaa na ule ukurasa akaonyesha mstari ambapo uthibitisho wangu unavunjika, na amesema kweli. Nimejaribu kuurekebisha mara nne nimeshindwa. Nililia, Mama, mwanaume mzima, jikoni mbele ya wapangaji wenzangu, sufuria ikiungua. Nililia kwa kukataliwa, na pia kwa sababu hatimaye kuna mtu alikuwa amenisoma.

Ningeweza kuliweka lile la cheti daraja la pili. Nani angejua? Nimeliweka hapo mara mbili nikalifuta. Naogopa sana. Naogopa kushuka Kericho na sanduku la nguo tu, na Baba akiwa amevaa koti lake la kanisani kunipokea. Nimekonda, mkanda nimeutoboa tundu jipya.

Leo asubuhi nimeliandika mwisho kabisa, kwenye yale yasiyohesabiwa, na chini yake nimemweleza profesa habari ya ukurasa wa nne. Barua hii ikikufikia atakuwa ameshasoma. Sijui kama wataniacha niendelee, na wakiniacha, miezi iliyobaki ni michache mno.

Mwambie Baba wewe. Mimi kumwandikia siwezi. Mwambie asimamishe ile ibada, kondoo wa karamu arudi malishoni. Mwambie kikapu cha mwanawe kimerudishwa, na aliyekirudisha ni mwanawe mwenyewe. Halafu uniandikie hata mistari miwili: siku zile tatu zilipoisha, ni nini kilikufanya umtazame tena usoni? Sijawahi kukuuliza, na sasa nahitaji sana kujua.

Mwambie dada Chelangat kongoi kwa barua zake, na asikasirike nikichelewa kujibu. Shangazi wa Silibwet anayeuza maziwa aendelee kuniombea, bila kuambiwa sababu. Mchungaji nitamwandikia mwenyewe. Kogo msimweleze lolote, msalimieni tu, mwambieni mjukuu wake anavaa sweta alilomfumia.

Ni mimi mwanao, ninayekukumbuka kila ninapokunywa chai ya huku isiyo na ladha,

Kiprotich

Nilitaka kusahau: kile cheti kitoe ukutani. Msumari usiung'oe kwanza.