Kikohozi Kabla ya Kuruka

Rafiki yangu Fidelis,

Tangu tulipokuzika kule Mshangano, wanafunzi wapya wameingia chuo chetu cha ualimu. Hawakukuona hata mara moja. Wanakujua kwa kanda tu.

Mtindo wako nimeuendeleza. Mchana wanakaa bwenini na ile redio kaseti uliyonunua maduka ya mjini yalipoanza kujaa vitu, wanasikiliza somo lako la kuruka juu. Wakija uwanjani hakuna hotuba, ni mazoezi tu. Mkuu wa chuo bado anauliza kama alivyokuuliza wewe: "Mwalimu gani analipwa kunyamaza?" Lakini wanaruka, Fidelis. Hata waliokuja wakiuogopa ufito wanauvuka.

Ila wanakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, halafu ndipo mguu unakanyaga. Alianza Zainabu wa Tunduru, nikadhani ana kifua. Kisha wote. Nikairudia kanda: pale unaposema "Sasa kanyaga," unakohoa kwanza. Uliirekodi maradhi yakiwa yameshakuanza, nao wamekichukua kikohozi kama sehemu ya somo. Niliwaambia waache. Wakaacha, na kila mmoja akaangusha ufito.

Baadaye betri zilichoka, sauti yako ikawa nzito, ya kuvuta. Siku hiyo walikimbia polepole, wote sawasawa, kama watu wanaotembea ndani ya maji. Nilikuwa na filimbi mdomoni, nikashindwa kuipuliza. Nilihisi mtu amesimama nyuma yangu.

Mkaguzi alipokuja kuwapima alicheka. "Hawa wote mmewaambukiza mafua?" Akawapasisha, tena vizuri kuliko darasa lolote tulilowahi kufundisha wewe na mimi. Wanafunzi wenzake walipokuwa wakiondoa nguzo na ufito, Zainabu alinijia.

"Shikamoo, mwalimu. Yule mwalimu wa kwenye kanda, mbona leo hakuja kututazama?"

Niliitikia marahaba. Kisha nikageuka kutazama nyuma yangu.

Unajua nilivuka mto Ruvuma nikiwa kijana, nikikimbia vita. Sauti za watu wangu zilibaki kule, na sasa hata ya mama siikumbuki. Yako ni ya kwanza ninayoweza kuirudisha nyuma na kuisikia tena. Ndiyo maana nimechelewa kuamua. Lakini hawa watakwenda kufundisha watoto Mbinga na Namtumbo, na watoto wale watakohoa kabla ya kuruka, bila kujua ni kifua cha nani. Hilo siwezi kuliacha liendelee, hata kwa ajili yako.

Kwa hiyo kanda zako nampelekea mkeo, aziweke. Jumatatu nitarekodi somo upya kwa sauti yangu na lafudhi yangu ya ng'ambo ya mto. Nakuahidi mtindo wako hautakufa mikononi mwangu.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Usije tena uwanjani. Nao watakaonisikiliza wataiga kitu changu, sijui kipi, na sitakuwepo kukisahihisha.

Ni mimi, mwenzako wa uwanjani.